Tramu yangu imehamia waya wa juu

Wale mnaoniuliza kama ile tramu yangu ndogo ya mfano, yaani lile gari la umeme la kupita kwenye reli za barabarani, bado inazunguka mezani, inazunguka, ila siku hizi inakula umeme wa waya wa juu sio wa kwenye reli chini, na kufika hapo jamani nimeona mambo.

Yenyewe ni ya ghorofa mbili, mfano wa zile za Blackpool kule Uingereza, binamu ndio alinibebea. Skeli 1:76, yaani ya kweli ni kubwa mara 76, na upana kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Nilianza na plaiwudi moja kwenye baraza hapa Walukuba, Jinja, njia imenyooka tu, inaenda inarudi, inaenda inarudi, mpaka watoto wakachoka. Nikasema niweke kitanzi kila mwisho igeuke yenyewe. Hapo ndio nikajichongea.

Reli ya kushoto nilikuwa nimeipa chanya, ya kulia hasi. Sasa ifuate ya kushoto kwa kidole, zunguka nayo kitanzi mpaka urudi pale ulipoingilia, utakuta inaangukia kwenye ya kulia. Shoti! Na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika natumia betri ya pikipiki, voliti 12, betri haina huruma, waya ukaanza kutoa moshi plastiki inadondokea plaiwudi, mama watoto huyo katoka jikoni na karai la maji, mimi naruka huku na huku, mama Aisha weka chini hayo maji! Tangu hapo umeme naupitisha kwanza kwenye balbu ya indiketa. Ikipiga shoti balbu inawaka, basi, hakuna moshi. Kama unatumia betri anza na hiyo balbu, reli baadaye.

Kuna dawa ya kukata reli za kitanzi na kufunga swichi ya kugeuza umeme. Nilijaribu wiki nzima, ukisahau swichi mara moja tu tramu imekwama. Mwisho nikajiuliza kwani zile za kweli zinafanyaje? Waya wa juu chanya, reli zote mbili hasi, kitanzi kijipinde kitakavyo hakuna cha kugongana. Tena Blackpool wenyewe walianza 1885 na umeme wa kwenye mfereji chini ya barabara, mchanga na maji ya bahari vikawatoa jasho, 1899 wakahamia juu. Kumbe sio mimi peke yangu.

Nguzo ni spoku za baiskeli, zile za zamani, maana hizi mpya zinazong'aa sana hazishiki lehemu hata uzibembeleze. Waya nimepewa na fundi wa kusuka mota, wa shaba, lakini una vanishi, lazima ukwangue upande wa chini wote kwa wembe, ukiacha kidoa kama chawa tramu inasimama hapo hapo. Mkono wa kugusa waya ni uzi mmoja wa kebo ya breki, una springi yake.

Kilichobaki ni pale waya unapogawanyika kuingia kitanzi, mkono unachomoka karibu kila mzunguko wa tatu. Zamani makondakta walikuwa na mti mrefu wa kuurudisha. Aisha naye ana kijiti cha mshikaki, anakaa nacho kwenye kigoda analinda kona yake, na juzi nilipotaka kuurudisha kwa kidole nikachapwa nacho mkononi, "baba, hii ni kazi yangu."