Nyanya zilinyauka zikiwa kijani, glasi ya maji ikanionyesha kwa nini

Hapa Morogoro nyanya ikinyauka, kila mtu ana jibu moja: ukungu, puliza dawa. Ushauri huo umenilia hela, na bado unaniudhi kila ninapousikia.

Nina matuta machache ya nyanya na bilinganya nyuma ya nyumba, ya kula na ya kuuzia majirani. Masika yalipokolea, shina moja lililegea mchana, jioni likasimama tena, baada ya siku chache likalala moja kwa moja. Majani yalikuwa kijani kabisa, hayana doa wala unjano.

Muuza dawa hakuniuliza hata swali moja. Alinipa mankozebu, dawa ya ukungu, nikapuliza. Niliporudi kulalamika akaniuzia nyingine ya bei kubwa zaidi, ile inayoingia ndani ya mmea. Jumla zilikwenda kama elfu arobaini hivi, na mnyauko ukaendelea kutembea shina kwa shina, ukifuata mfereji wa maji. Mankozebu ina kazi yake. Bakajani, ugonjwa wa ukungu, inazuilika nayo ukiwahi, lakini bakajani huiona kwenye jani: mabaka ya kahawia, na asubuhi za unyevu ukungu mweupe upande wa chini. Mimi sikuwa na baka hata moja, na mtu anayeuza dawa alitakiwa kuniuliza hilo kwanza.

Aliyenisaidia ni bwana shamba wa kata. Alitazama tuta, akasema, "Dada, niletee glasi ya kioo na maji safi." Aling'oa shina lililokuwa limeanza kulegea, akakata kipande cha chini chenye urefu wa kidole, akakichoma kijiti kwa juu ili kining'inie mdomoni mwa glasi, ncha iliyokatwa ikiwa ndani ya maji. Akanikataza kuitikisa meza. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, mfano wa moshi wa ubani uliogeuzwa kuelekea chini. Nikaita watoto waje waone. Wale ni bakteria wanaoziba njia za maji ndani ya shina. Mmea unakufa kiu huku udongo umelowa, na hakuna dawa ya ukungu inayowagusa. Ugonjwa wenyewe ni mnyauko bakteria.

Hauna tiba, kwa hiyo niling'oa mashina yote yaliyolegea pamoja na udongo wa mizizini, nikachoma moto. Usiyatupe kwenye mboji! Nikaziba ule mfereji, na jembe nikawa naliosha kwa jiki kila nikitoka tuta lile. Pale nikapanda mahindi, kisha vitunguu. Bilinganya, nyanya chungu, pilipili na viazi mviringo usivipeleke, ni ukoo mmoja na nyanya, na bakteria hawa hukaa udongoni miaka. Nyanya nilizihamishia kwenye viroba vyenye udongo wa mahali pasipowahi kulimwa jamii hiyo, na nimevuna vizuri mno.

Sasa mtaa mzima unaniletea mashina, na ninafurahi kweli. Jirani mmoja lake halikutoa kitu kwenye glasi. Tukatazama mizizi, imejaa vinundu: minyoo fundo. Mwingine majani yake yalianza kuwa njano chini, upande mmoja, na shina ukilipasua lina mistari ya kahawia ndani. Huo ni mnyauko fuzari, unaoletwa na ukungu wa udongoni. Mama mmoja alikuwa anapulizia nyanya zilizooza kitako, kumbe ni kumwagilia leo sana na kesho asimwagilie kabisa. Nyanya inakosa kalsiamu, hapo hakuna mdudu wala kimelea.

Kantangaze, nondo ambao viwavi wao hula nyanya, nao wana alama yao: vidirisha vyeupe kwenye jani, na ukilielekeza juani unaona kiwavi ndani. Kwa kuwa amejificha kati ya ngozi mbili za jani, dawa ya kugusa haimfikii. Mimi huyachuma majani hayo na kuyachoma moto, na usiku naweka taa ya sola juu ya beseni la maji ya sabuni. Nondo wake huzamia humo.

Mkiniletea shina, likateni karibu na udongo, likiwa bado bichi. Lililokwisha kukauka juani halitoi kitu kwenye glasi, hata kama bakteria wamo.