Sukari Yangu Kabla ya Kisukari
Sikuwa na dalili yoyote, lakini kipimo changu cha HbA1c kilionyesha asilimia 6.0. Kipimo hiki huangalia sukari iliyoshikamana na himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takribani siku 120, hueleza wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Kwa vigezo vinavyotumika Marekani, asilimia 5.7 hadi 6.4 huashiria hatari ya kupata kisukari baadaye, kuanzia 6.5 ni kisukari chenyewe, ingawa asiye na dalili hupimwa tena ili kuthibitisha. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, amweleze daktari mapema, kwani majibu yake yanaweza kupotosha. Nashukuru kwa dhati kwamba nimejua wakati ambapo mazoezi na kupunguza uzito bado vinaweza kukichelewesha kisukari, au hata kukizuia.