Mkutubi kaniokoa nikiwa Kibirizi

Mwezi wa pili huu niko Kigoma nakusanya data za tasnifu yangu ya dagaa, na kila nikigusa makala nzuri naambiwa nilipe dola. Dola! Mimi ninayehesabu nauli ya bajaji kwenda mwaloni Kibirizi.

Jana nikampigia mkutubi wa chuo, nikijua atasema njoo ofisini, na chuo kiko Dar. Akacheka. "Mwanangu, majarida ya maktaba yanafunguka popote. Ingia kwa akaunti yako ya chuo." Kumbe tulifundishwa kwenye ile semina niliyosinzia.

Akaniongezea: usitafute "dagaa", andika jina lake la kisayansi, Stolothrissa tanganicae. Weee! Makala zikamiminika, ikiwemo ya 2003 ya jarida la Nature: joto likizidi, maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho, chakula cha samaki kinapungua.

Nilikuwa nimekaa kando ya chanja za dagaa. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akauliza nasoma nini, nikamweleza. Akakata uzi kwa meno. "Hayo umesoma leo?"

Sasa kilichobaki ni bando tu, limekata nikiwa kwenye makala ya nne.