Vikao vitano tu, na tukaanza kuongea tena nyumbani

Kijana wetu ana miaka 15 na tulikuwa tumefika mahali hata salamu inaishia ugomvi. Akirudi shule anajifungia chumbani na simu, baba yake anapiga mlango kwa ngumi, mimi katikati nalia. Tulipoenda ushauri nasaha nilijua tutachimbuliwa maisha yote, kumbe mshauri anafanya vikao vichache tu. Alianza kwa kuongea na kila mmoja peke yake kujua kama kuna kupigwa, maana akasema pakiwa na kipigo usalama ndo unatangulia, hilo nilimheshimu sana.

Halafu akatuuliza, tuseme usiku mmelala muujiza ukatokea tatizo likaisha, asubuhi mtajuaje? Mume wangu kimya, mimi kimya, mtoto ndo akajibu: "Baba atanisalimia kwanza kabla ya kuniuliza kazi za shule." Aisee machozi yalinitoka.

Akauliza tena, ni lini jioni ilipita bila kelele? Tukasema haijawahi, naye akasubiri tu, mpaka kijana akakumbuka siku baba yake alikuwa anatengeneza baiskeli na yeye akamshikia tairi. Tukapewa kazi, wiki nzima kila mtu aangalie mambo ambayo angependa yaendelee. Akatuambia tupime hali ya nyumbani kutoka 0, mbaya kabisa, mpaka 10, nzuri kabisa. Mume wangu alitupa 3, mimi 2, na mshauri hakuuliza kwa nini ni kidogo, aliuliza kwa nini sio 0, na hapo ndo niligundua nilikuwa nimeacha kabisa kuona mazuri ya watu wangu.

Baadaye nikasoma kwamba njia hii ya vikao vichache, inayotafuta suluhisho badala ya kuchimbua tatizo, ilianzishwa na mke na mume, Insoo Kim Berg na Steve de Shazer, waliofungua kituo chao Milwaukee, Marekani, mwaka 1978.

Wiki ya tatu tuligombana vibaya, nikaona basi imeshindikana, mshauri akauliza mlifanyaje mpaka mkanyamaza usiku uleule? Kumbe mume wangu ndo alitoka nje mwenyewe kupoa, zamani asingeweza.

Kikao cha tano mimi nilisema 6, baba 7, kijana 6 na akasema kwake inatosha. Mlango bado anafunga, ila baba yake anabisha hodi na kusubiri. Tulikubaliana tukishuka chini ya 5 tumpigie mshauri, huu ni mwezi wa nane tangu hapo na hatujapiga.