Siku 28 za Dar es Salaam: nilivyosimamia mabadiliko ya idara ya rasilimali watu

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika ofisi ya Nairobi ya kampuni ya ushauri yenye matawi duniani kote, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kwenda kwa wateja kuwaeleza jinsi ya kuwaandaa wafanyakazi wao kwa mabadiliko. Makao makuu yalipoamua kwamba idara za rasilimali watu za ofisi zote zipangwe upya kwa mtindo mmoja, niliteuliwa kusimamia mradi huo kwa upande wa Kenya, Tanzania na Uganda. Nilidhani ungekuwa mwepesi kuliko miradi ya wateja, kwa kuwa maneno yote ya fani hii wenzangu walikuwa wakiyauza kila siku. Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa mmoja wa waganga hao.

Mtindo wenyewe, ambao kwa kawaida huhusishwa na jina la Profesa Dave Ulrich wa Marekani, si mgeni kwa walio katika kazi hii: shughuli za kila siku kama likizo, mikataba na maswali ya mishahara hukusanywa katika kituo kimoja cha huduma za pamoja, wataalamu wachache hushughulikia sera, na kila idara hupewa mshauri wake wa utumishi. Kwetu maana yake ilikuwa kwamba kituo kingekuwa Nairobi, na mfanyakazi wa Kampala au Dar es Salaam aliyezoea kugonga mlango wa afisa utumishi sasa angejaza ombi lake kwenye programu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kidogo hadi naona haya kukisimulia. Niliandaa mafunzo ya saa mbili kuhusu programu hiyo, nikatuma mialiko, na siku ya kwanza chumba kikawa na watu wanne. Nilianza kufikiri kuhusu ukaidi na hofu ya mambo mapya, kama nilivyozoea kuwaandikia wateja, mpaka kijana mmoja wa idara ya ukaguzi aliponiuliza kwa adabu, "Bosi, hizo saa mbili nitaziandika kwenye namba gani?" Katika kampuni ya ushauri kila saa ya mfanyakazi huandikwa chini ya namba ya mteja atakayeilipia, na mwisho wa mwaka mtu hupimwa kwa saa hizo, kumwita kwenye mafunzo yasiyo na namba ni kumwomba ajipunguzie alama mwenyewe. Niliwaendea wabia, yaani wakubwa wenye hisa katika kampuni, nikaomba namba ya ndani ambayo haitamhesabia mtu hasara, na nikahamisha mafunzo kutoka robo ya kwanza ya mwaka, wakati wakaguzi wanafunga hesabu za wateja wao, hadi mwezi wa tano. Ukumbi ulijaa bila ya mimi kubadilisha hata neno moja la mafunzo yenyewe.

Kosa kubwa lilikuwa langu, na lilihusu likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na hata sikukuu inayoangukia katika kipindi hicho huhesabiwa humo humo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 21, lakini hizo ni siku za kazi. Kwa ofisi inayofungua siku tano kwa wiki, hesabu hizo mbili zinakaribiana sana: wiki nne Tanzania, wiki nne na siku moja Kenya. Programu yetu, hata hivyo, ilijua siku za kazi tu. Nilipotia sahihi jedwali la sheria za kila nchi, niliandika 21 kwa Kenya na 28 kwa Tanzania, na kwa sahihi hiyo nikawapa watu wa Dar es Salaam likizo ya wiki tano na siku tatu.

Hakuna aliyelalamika, kama mtu angetarajia. Aliyenipigia simu alikuwa afisa utumishi wa ofisi ile, mama ambaye alikuwa ameshika mafaili ya watumishi tangu kabla sijaajiriwa.

"Mwanangu, siku hizi umezitoa wapi?"

"Kwenye sheria, mama."

"Sheria inahesabu na Jumapili. Nilikwambia siku ile ya kikao."

Alikuwa ameniambia kweli. Nilifungua kumbukumbu za kikao cha kwanza, nikakuta maneno yake nimeyaweka chini kabisa, mahali pa maoni mengineyo. Maombi ya likizo yaliyokwisha kukubaliwa tuliyaacha yalivyo, tukasahihisha salio la wengine, na barua ya maelezo niliiandika kwa jina langu badala ya kuificha nyuma ya jina la mradi. Baadhi walikasirika, na sikuwalaumu.

Jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa nafasi zilizofutwa. Wafanyakazi waliposikia neno mabadiliko walisikia kupunguzwa, na wabia walitaka niseme kwamba hakuna lililoamuliwa, ilhali tulijua kwamba nafasi tano za wasaidizi wa utumishi zingekwisha. Nilikataa kusema hivyo, si kwa ushujaa bali kwa sababu sheria za Kenya na Tanzania zinataka taarifa itolewe mapema, na ile ya Tanzania inataka mashauriano kabla mtu hajaachishwa. Kisha likaja suala la malipo. Tanzania kiwango cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, kwa miaka isiyozidi 10. Kenya ni siku 15 kwa kila mwaka. Wasaidizi wawili wenye miaka 10 kila mmoja, waliofanya kazi ileile katika kampuni ileile, wangeondoka mmoja na siku 70 na mwingine na siku 150. Niliwapelekea wabia hesabu hiyo katika ukurasa mmoja, bila picha wala mchoro, na baada ya vikao viwili walikubali siku 15 kwa wote. Wawili kati ya watano tuliwapatia kazi katika kituo cha Nairobi, watatu waliondoka.

Jedwali la sheria sasa huandaliwa kila mwaka, kwa kuwa makato ya mishahara hayakai mahali pamoja: Kenya peke yake, mchango wa bima ya afya ulibadilika kuwa asilimia 2.75 ya mshahara mwezi wa Oktoba 2024. Chini yake pana nafasi mbili za sahihi kwa upande wa Tanzania, ya msimamizi wa kituo na ya yule mama wa Dar es Salaam, na kituo hakilipokei jedwali lisilo na sahihi yake.