Itale na gabro mkononi
Mezani pangu pana mawe mawili yanayolingana ukubwa, itale na gabro, na kila anayeyapima mkononi hugundua mara moja kwamba gabro ni zito zaidi, kwani msongamano wake hukaribia gramu 3 kwa sentimita ya ujazo ilhali wa itale ni takriban 2.7. Yote mawili ni miamba moto, yaani miamba iliyotokana na mawe yaliyoyeyuka, iliyopoa polepole chini ya ardhi, ndiyo maana chembe zake huonekana bila lenzi.

Kinachoyatenganisha ni silika, yaani mchanganyiko wa silikoni na oksijeni: itale huwa nayo kwa takriban asilimia 70, na ziada yake hujitenga na kuwa kwatzi, zile chembe za kijivu zinazong'aa kama kioo kilichovunjika, kati ya madini ya feldispa, meupe au ya waridi, na vipande vyeusi vya madini ya maika. Gabro, lenye silika ya takriban asilimia 50, karibu halina kwatzi kabisa; limejaa piroksini, madini ya rangi nyeusi, na plajioklezi, aina ya feldispa, na ndilo linalounda sehemu kubwa ya tabaka la chini la ganda la dunia lililo chini ya bahari.

Nakiri kwamba mimi hulipenda zaidi hilo gabro jeusi, ingawa wauza mawe ya ujenzi wamelipokonya jina: mabamba mengi yanayouzwa kama “itale nyeusi” kwa hakika ni gabro.