Bahasha ya kaki, saa nane na dawa za wazee

Kabati la dawa katika makao mengi ya wazee, kuanzia Nakuru hadi Busia, halikosi bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa kwa biki: 2 × 3. Ni tembe mbili mara tatu kwa siku, au tembe tatu mara mbili? Ikiwa ni parasetamo ya miligramu 500, jumla ni tembe sita, gramu 3 kwa siku, na mtu mzima mwenye ini zima na uzito wa kutosha kwa kawaida hatadhurika kwa vyovyote. Ikiwa ni dawa ya kifafa au ya presha, tembe tatu kwa mpigo ni habari nyingine.

Ndiyo maana bahasha haifai kuwa kumbukumbu ya mwisho. Siku dawa inapoingia, maneno yake yahamishiwe kwenye chati ya mzee kwa ukamilifu: jina la dawa, nguvu yake, tembe ngapi, saa ngapi, ya nini, na itaisha lini. Asiyeelewa alichoandika mtu wa famasia ampigie simu kabla ya dozi ya kwanza. Kukisia ni rahisi sana saa kumi na mbili jioni, wakati kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Kuna mtego ambao vitabu vya Kiingereza haviutaji kwa sababu waandishi wake hawana tatizo hilo: saa zetu. Afisa wa kliniki anaandika, "Lasix 40 mg, 8 na 2." Kichwani mwake 8 ni asubuhi na 2 ni baada ya chakula cha mchana. Mlezi anasoma saa nane na saa mbili. Saa nane mchana inaangukia sawasawa na ile 2 ya afisa, kwa bahati tu. Lakini kwa aliyeanza na saa nane mchana, saa mbili inayofuata ni ya usiku. Dozi ya asubuhi imepotea, na nyingine imezaliwa wakati wa kulala. Lasix huanza kukojoza ndani ya saa moja na kuendelea kwa saa sita au zaidi. Mzee ataamka saa tatu, saa tano, saa saba, gizani, kwenye sakafu ya saruji, huku presha ikishuka kila anaposimama. Nyonga nyingi huvunjikia njiani kwenda chooni.

Dawa yake ni kupiga marufuku nambari tupu kwenye chati. Andika "saa mbili asubuhi, 08:00" na "saa nane mchana, 14:00", yote mawili, kila mara. Inachosha kwa wiki moja, kisha mkono unazoea.

Jina nalo lina mitego yake. Kisumu, Akinyi ni aliyezaliwa asubuhi na Atieno ni wa usiku. Makao yenye akina mama thelathini hayatakosa Akinyi wawili. Bungoma utawakuta akina Nafula na akina Wekesa. Juu ya hapo, adabu haituruhusu kumwita mzee kwa jina lake kavu: ni dani, kukhu, kogo, shosho, yaani bibi kwa lugha zetu mbalimbali. Heshima hiyo ibaki, ila kikombe cha dawa hakiwezi kuwa cha "shosho". Chati iwe na majina kamili matatu, mwaka wa kuzaliwa, picha ya uso ya karibuni, na mizio iliyoandikwa kwa wino mwekundu juu kabisa. Wawili wanaofanana majina wawekewe alama kwenye chati zote mbili. Na usiulize, "Wewe ni Mama Akinyi, sivyo?" Mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu, au asiyesikia vizuri, atakuitikia ndiyo kwa adabu tu. Muulize, "Mama, jina lako ni nani?" Akishindwa kujibu, picha iamue, pamoja na mlezi wa pili anayemjua.

Kugawa dawa kwenyewe kunaharibiwa zaidi na haraka. Mtindo wa kupanga vikombe ishirini kwenye sinia, kila kimoja na kipande cha plasta chenye jina, unaokoa dakika chache, lakini plasta hubanduka, sinia hugongwa, na aliyepanga siye anayegawa. Mzee mmoja, kikombe kimoja, umalize, ndipo uende kwa mwingine. Toa pakiti na usome lebo ukilinganisha na chati. Mimina tembe kwenye kifuniko cha chupa, si kiganjani. Soma tena kabla ya kurudisha pakiti kabatini. Soma mara ya tatu ukiwa mbele ya mzee. Mketishe wima, anywe funda la maji kwanza ili koo lilowe, kisha tembe moja moja. Mwombe afungue kinywa, hasa mwenye meno bandia, kwa maana tembe hupenda kujificha chini ya bamba. Abaki ameketi nusu saa. Kwa wazee ishirini kazi hii inakula saa moja na nusu, na anayeifanya asipewe simu ya ofisi wala kutumwa kufungua lango.

Sahihi huja baada ya kumeza. Anayetia sahihi za wote mwanzoni anaandika ndoto. Na kisanduku kisiachwe wazi: weka herufi mliyokubaliana, K kwa aliyekataa, L kwa aliyelala, H kwa aliye hospitali, X kwa dawa iliyoisha, na sababu nyuma ya karatasi. Kisanduku kitupu saa nne asubuhi humfanya mlezi wa zamu inayofuata aulize, "Alipewa au hakupewa?" Wengi hujibu swali hilo kwa kumpa tena. Kosa la kuandika likatwe kwa mstari mmoja unaoonyesha kilichokuwa chini. Kifutio cheupe kikae mbali na chati.

Uji. Kila mlezi wa huku anajua kusaga tembe na kuikoroga kwenye uji wa wimbi, na mara nyingi hakuna ubaya, ila kuna dawa ambazo kuzisaga ni hatari. Ukiona herufi SR, XR, MR au CR baada ya jina, au neno Retard au Chrono, dawa hiyo imetengenezwa kuachia polepole. Nifedipini Retard ya miligramu 20 ikisagwa, dozi iliyokusudiwa kuachiwa kwa muda wa saa kumi na mbili inaingia kwa mara moja. Presha huporomoka na ubongo ukakosa damu. Zenye EC zina ganda la kuzilinda dhidi ya asidi ya tumbo, na omeprazoli ya kapsuli ina chembe zenye ganda kama hilo. Mzee asiyeweza kumeza tena, mfamasia aulizwe kama kuna ya maji au nyingine badala yake. Ile inayoruhusiwa kusagwa ichanganywe na vijiko viwili vya uji, si bakuli zima. Akiacha nusu bakuli, nani atajua alikunywa kiasi gani? Kumfichia dawa mzee anayeikataa akiwa na akili zake timamu ni jambo jingine kabisa, na mimi naliita kwa jina lake: udanganyifu. Kwa asiye na uwezo wa kuamua, daktari na familia waamue pamoja na uamuzi uandikwe.

Siku mzee mpya anapoletwa, familia huja na mfuko (wa kitambaa, tangu zile za plastiki zipigwe marufuku mwaka 2017) wenye dawa za miaka mitatu. Mwaga zote mezani. Utakuta Glucophage ya hospitali moja na metformini ya nyingine: dawa ileile, mzee anakunywa mara mbili. Lasix na furosemidi, vivyo hivyo. Brufen na ibuprofeni. Uliza pia matone ya macho, dawa ya kuvuta, sindano za kila mwezi, na miti shamba, kwa sauti isiyo ya hukumu, la sivyo hutaambiwa. Dawa chungu za kienyeji za kushusha sukari, zikikutana na tembe za sukari, zinaweza kuishusha kupita kiasi. Swali la mwisho ndilo husahaulika: dozi ya mwisho ya kila dawa alikunywa lini?

Dawa ninazozitilia shaka zaidi ni zile za kawaida. Piriton ya mafua humchanganya mzee akili, humlevya, na humzuia mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba kukojoa. Diklofenaki ya magoti, kwa mzee anayekunywa enalapri au losartani ya presha pamoja na dawa ya kukojoza, inaweza kuua figo kimyakimya. Parasetamo ijaribiwe kwanza. Amlodipini huvimbisha miguu, na mara nyingi badala ya dozi kupunguzwa mzee huongezewa Lasix, kisha huanza kuanguka. Methotreksati ya baridi yabisi ni mara moja kwa WIKI. Ikitolewa kila siku inaharibu uboho na kuua. Andika jina la siku kwenye chati na upige mistari kwenye siku sita zilizobaki. Kwa anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mboga za majani kama sukuma wiki na managu hazikatazwi, ila kiasi kisibadilike-badilike, na mtu asimwongezee metronidazoli ya tumbo bila daktari kujua.

Insulini inahitaji nafasi yake. Mixtard 30/70 ni ya mawingu. Chupa isokotwe taratibu kati ya viganja mara kumi mpaka iwe nyeupe sawasawa, isitikiswe. Bomba ni la insulini tu, lile la yuniti 100 kwa mililita. Yuniti 10 ni mililita 0.1, kiasi ambacho bomba la kawaida la mililita 2 haliwezi kupima kwa uhakika. Andika neno "yuniti" lote, kwa sababu "10U" iliyoandikwa kwa haraka imekwisha kusomwa 100 mara nyingi duniani. Sindano ya Mixtard huenda nusu saa kabla ya chakula, kwa hiyo mlezi achungulie jikoni kwanza: ugali usipokuwa njiani, sindano ingoje.

Chupa zisizofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa iandikwe tarehe na itupwe baada ya wiki nne. Chini ya mabati ya Kisumu mwezi wa Februari, chumba hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Nakuru kuna baridi zaidi, lakini rafu iliyo juu ya jiko ni joto popote. Stima ikipotea, usifungue friji ovyo. Ikikawia, nyungu mbili hufanya kazi nzuri: ndogo ndani ya kubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu, kivulini penye upepo. Haifikii baridi ya friji, ila inaiepusha insulini na joto kali.

Mzee mwenye kisukari akianza kuongea ovyo, kutoa jasho au kusinzia, pima sukari kabla ya kusema ni uzee. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri, mpe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha ale. Asiye na fahamu asitiliwe chochote kinywani. Mlaze ubavu na gari litafutwe. Na kama chanzo ni glibenklamidi, tembe ya kushusha sukari, iwe yake au ya jirani aliyopewa kwa makosa, soda haimalizi kazi. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena kwa saa 24 na zaidi, kwa hiyo hospitali ni lazima hata akionekana amepona.

Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu kwa wazee wenye saratani wanaohudumiwa na hospisi za Nakuru na Kisumu, hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Mililita 5 za chupa ya nguvu mara kumi ni dozi mara kumi, basi isome lebo hadi mwisho. Ikae ndani ya kisanduku chenye kufuli ndani ya kabati lenye kufuli, itolewe na watu wawili, na salio liandikwe kila mara. Mwanzo ule ule aanze na dawa ya kulainisha choo.

Kuhesabu tembe ndiko kunakofichua yote. Metformini 60 zimeingia tarehe 3 asubuhi, mbili kwa siku. Tarehe 14 asubuhi kabla ya dozi zimepita siku 11, tembe 22, na kabatini ziwe 38. Ukikuta 41, tatu zilitiwa sahihi bila kumezwa. Ukikuta 36, kuna aliyepewa zaidi au zilikoenda hazikuandikwa. Fanya hivyo kila Jumatatu kwa wazee watano usiowataja mapema.

Mtoto wa mzee, akiwa Nairobi, anaweza kutuma sauti kwa WhatsApp kwamba "ile ya presha muache kwanza." Mshukuru, mpigie daktari. Agizo la daktari kwa simu lisikilizwe na watu wawili, lisomwe tena kwake neno kwa neno, na picha ya maandishi yenye sahihi ifike kabla ya siku kwisha.

Kosa likitokea, mzee kwanza: fahamu, pumzi, mapigo, presha, sukari. Kisha daktari, familia, na maandishi yenye saa. Anayefukuzwa kwa kukiri anafundisha wenzake kunyamaza. Dawa ikimdhuru mzee bila kosa la mtu, kuna fomu ya manjano ya Bodi ya Famasia na Sumu. Ya waridi ni ya dawa yenye ubora wa kutilia shaka, mfano tembe zinazobomoka au maji yaliyobadilika rangi.

Mzee akifariki, dawa zake zihesabiwe na watu wawili, ziandikwe, zifungiwe kando kwa siku saba endapo kutakuwa na swali, kisha zirudishwe famasia ya hospitali. Zisimwagwe chooni. Sindano ziende kwenye kisanduku cha manjano, ambacho hufungwa kikijaa robo tatu. Na ile nusu chupa ya insulini ya marehemu haimfai jirani yake, hata kama ni Mixtard ileile.